Sululu Sitini wa Mtsangani

Siku ya kumi na mbili ya Oktoba, maji yakiwa yamekupwa mpaka mwisho, Sidi Mwaringa alisoma pete ya ndege aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa ameinamia darubini juu ya tuta la tatu la mabwawa ya chumvi ya Mtsangani, mahali ambapo alisimama kila msimu tangu apewe kazi ya usomaji pete, miaka kumi na tisa iliyopita. Mbele yake kwenye matope alitembea sululu mmoja, ndege mkubwa wa rangi ya udongo, mdomo wake mrefu umepinda kama mundu. Mguuni alikuwa na pete ya manjano. Sidi alirekebisha kioo, akangoja ndege ageuke upande, akasoma: K03.

Hakuandika kitu. Alijipangusa macho kwa pindo la leso, akasoma tena, na herufi zilikuwa zile zile.

K03 aliokotwa bwawa la pili miaka mitano nyuma, amekauka, chumvi imemganda mabawani. Sidi ndiye aliyemvua pete, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka ofisi ya Daftari la Marejeo mjini Malindi, kama kanuni ilivyotaka. Kisha akachimba shimo nyuma ya ghala la magunia akamfukia, kwa sababu hakupenda aliwe na mbwa. Sasa ndege huyo alikuwa anavuta kaa kutoka kwenye tope, mzima wa afya.

Kabla ya saa sita mchana alikuwa amesoma pete nyingine ishirini na mbili. F12, ambaye hakuonekana kwa miaka minane. R88. T30 na mwenzake T31, waliopotea msimu mmoja. Kila pete aliijua. Wengine aliwahi kuwasemesha kwa herufi zao, kama mtu anavyowasemesha kuku wake. Alipokuwa anaandika hakuweza kujua kama anachohisi ni furaha au ni homa inamnyemelea.

Furaha ingekuwa na sababu yake. Sheria ya marejeo ilisema hivi: ufuko ambao ndege arobaini wenye pete wanaojulikana wamerudi kwa msimu mmoja haufukiwi wala haujengwi kwa miaka kumi. Ufuko usiofikisha arobaini huchukuliwa na yeyote mwenye kibali. Bandari mpya ilikuwa imeshafika kilomita mbili kutoka Mtsangani, na uwanja wake wa makasha ulikuwa unasogea kusini kila mwaka. Mwaka uliopita Sidi alihesabu arobaini na wanne. Mwaka huu, mpaka asubuhi hiyo, alikuwa amepata watatu tu: C91, M16 na B50. Wanawake waliokwangua chumvi kwenye mabwawa yale, na walikuwa karibu mia tatu, walikuwa wameacha kumuuliza. Walimsalimu tu na kupita.

Ndege wake mkongwe, H47, hakuwamo. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila mwaka.

*

Siku mbili baadaye walifika sitini, na Sidi alianza kuona mambo ambayo hayakukaa sawa.

F12 wa zamani alikuwa amekatika kidole na alichechemea. F12 huyu alikuwa na vidole vyote. Ncha ya mdomo wa R88 ilikuwa imevunjika, naye Sidi alikuwa amemchora hivyo kwenye daftari lake. R88 huyu alikuwa na mdomo usio na dosari. Ndege wa miaka ishirini huonekana miaka ishirini, kwa manyoya na kwa mwendo. Hawa wote walikuwa wachanga.

Lakini la bomba ndilo lililomkosesha usingizi.

Kando ya tuta la tatu palikuwa na pampu ya zamani ya maji matamu iliyokuwa inavuja tone kwa tone. Miaka saba iliyopita Sidi alimkuta H47 amenasa kwenye gamba la chumvi, mabawa yameshikana. Akambeba mpaka kwenye pampu ile, akamkosha taratibu mpaka chumvi ikatoka, akamwachia. Tangu siku hiyo H47 alikuwa na desturi yake peke yake: akipata kaa hamli papo hapo kama sululu wengine, humbeba mpaka pampuni, humkosha kwenye tone, ndipo humla. Na Sidi akisogea hakuruka. Alimwacha afike hatua kumi.

Asubuhi hiyo Sidi alimwona K03 anakuja na kaa mdomoni, anapanda tuta, anakwenda pampuni. Nyuma yake akaja T30. Nyuma ya T30 akaja R88. Kufikia saa tatu walikuwapo sululu hamsini na zaidi kwenye tone la maji lisilowatosha wawili, kila mmoja na kaa wake, wanasukumana, wanadonoana, wanapiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyekula bila kukosha. Wengine walichoka kungoja, wakaangusha kaa wao chini na kubaki wamesimama wanaangalia bomba.

Sidi alisogea. Hatua ishirini, kumi na tano, kumi. Hawakuruka. Waligeuza vichwa wote kwa pamoja, wakamtazama kwa jicho la kushoto, kama alivyozoea kufanya H47.

Alirudi nyuma mpaka akagonga miguu ya darubini.

Kahindi, mlinzi wa mlango wa maji, aliyefanya kazi pale miaka mingi kuliko yeye, alikuja kusimama kando yake. Aliwatazama ndege kwa muda, kisha akamuuliza polepole ikiwa amewafundisha. Sidi akamwambia hapana. Kahindi akasema basi yeye angependa kurudi mlangoni kwake, na akarudi.

Sidi alipiga simu Malindi. Karani wa Daftari, kijana mpole aitwaye Tsofwa, alimsikiliza mpaka mwisho. Akatazama kwenye mtambo wake, akamwambia kwamba K03 anaonekana yu hai na kama daftari la Sidi linasema amekufa, basi kosa liko kwenye daftari la Sidi. Sidi akamuuliza, pete niliyoituma mimi mwenyewe ilikwenda wapi. Tsofwa alisema pete zote zilizookotwa hurudishwa kaskazini, Kituo cha Urejeshaji, ambako ndege wanazaliana. Ndipo Sidi akauliza swali lililokuwa linamsumbua: fomu inaposema ndege amerudi, maana yake nini hasa? Tsofwa akasema fomu ina mahali pa kujaza namba ya pete, haina mahali pa kujaza swali, na kwamba inafungwa Ijumaa ya tarehe thelathini.

Kituo cha Urejeshaji. Huko ndiko mdogo wake, Mbodze, alikofanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa, akilea vifaranga vya ndege wa pwani. Sidi alikumbuka ujumbe aliotumiwa na Mbodze mwezi wa Agosti, aliouona wakati ule kuwa ni faraja tu ya ndugu: Mwaka huu usiwe na wasiwasi, dada.

*

Mbodze alifika nyumbani kwa likizo tarehe ishirini na nane. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza mvi mbele. Walikumbatiana, wakala samaki wa nazi, wakaulizana habari za watoto. Sidi hakumwambia neno. Asubuhi ya pili yake alimchukua mpaka tuta la tatu, akamweka mbele ya pampu, akamwachia aone mwenyewe.

Mbodze aliwatazama sululu wale wanavyogombania tone la maji. Sidi alitegemea atashangaa. Badala yake mdogo wake alikaa chini kwenye tuta, akafunika mdomo kwa kiganja, na machozi yakamtoka. Akasema wamefika. Alisema hivyo mara mbili.

Kisha akaeleza, na Sidi alilazimika kumsimamisha kila mara ili aelewe.

Tangu zamani, alisema Mbodze, kifaranga wa sululu huzaliwa na njia kichwani. Wazazi huondoka mapema, naye hufuata baadaye peke yake na hafanyi kosa. Lakini njia hiyo ya damu inampeleka kwenye fuko za zamani, zile zilizokuwepo kabla ya bandari na miji na viwanja vya makasha. Anashuka mahali palipokuwa na matope akakuta saruji. Anatafuta, anachoka, anaanguka baharini. Wachache tu, wazee, ndio waliojifunza mwaka baada ya mwaka njia mpya ya kuzunguka: hapa pamefungwa, pale pana maji bado. Kwa hiyo Kituo kiligundua namna ya kuchukua njia ya mzee mmoja na kuipanda kwenye vichwa vya vifaranga wakiwa bado ndani ya mayai. Mayai ya kawaida, vifaranga wa kawaida. Kitu walichopewa ni njia tu.

"Na hii ya kukosha kaa?" aliuliza Sidi.

"Haiwezi kutenganishwa," alisema Mbodze. "Tulijaribu. Njia imefungamana na kila kitu alichokipenda. Ukiitoa, unakuja navyo vyote."

Pete, aliendelea, walipewa zenye namba za ndege waliokufa na waliopotea. Wakubwa wa Kituo walikubaliana kwamba pete hurithiwa, na ofisi za Daftari zote zilipelekewa waraka. Wangewapa pete mpya wasingehesabiwa kuwa wamerudi, na fuko zingefukiwa kabla hata hawajakomaa. Alichagua yeye Mtsangani, kati ya fuko nne zilizopendekezwa. Alipigana kwa ajili ya Mtsangani.

Sidi alikuwa anawatazama ndege wakati akisikiliza. Alijaribu kuwafikiria sitini kama sitini, akashindwa. Alijaribu kuwafikiria kama mmoja, akashindwa vilevile, kwa sababu pale pale mbele yake mmoja alimdonoa mwenzake mpaka damu ikatoka.

"Hii njia ni ya H47," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Yeye yuko wapi?"

Mbodze alichezea vumbi kwa kidole.

"Njia haisomwi kwa juu juu," alisema. "Ubongo unakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hakuna namna nyingine mpaka leo."

Sidi aligeuka akaitazama pampu.

"Alikuwa na miaka ishirini na sita," Mbodze aliongeza. "Labda asingefika mwaka huu. Labda angefika mara moja tena. Sasa wamefika sitini."

"Nani aliyemchagua?"

Hapo mdogo wake alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waanze. "Daftari lilimchagua. Tunatafuta ndege ambaye hajakosa msimu hata mmoja, na aliyesomwa vizuri njia nzima. Hakukuwa na ndege aliyesomwa kama H47. Miaka kumi na tisa, tarehe, saa, tuta gani. Kazi yako, dada. Wenzangu kule wanaijua kwa jina lako." Akapangusa vumbi kidoleni. "Tuliweka nyavu siku tatu tukidhani atasumbua, lakini hakukimbia. Nilimwendea kwa miguu nikamshika kwa mikono. Alikuwa amezoea watu."

Sidi alisimama, akakunja miguu ya darubini, akaondoka kwenye tuta akamwacha pale.

*

Hawakusemezana mchana kutwa. Jioni, wakichambua mchicha uani, Mbodze ndiye aliyeanza. Alimkumbusha dada yake kwamba yeye Sidi amepewa jina la bibi yao, mama wa baba yao. Na baba alimwita Sidi mama mpaka siku ya kufa kwake, alimheshimu kama mama, akampa kiti. Hakuna mtu aliyemwambia baba kwamba anadanganya. Watu walisema bibi amerudi, na ilikuwa kweli kwa namna yake. Kwa nini basi isiwe kweli kwa ndege?

Sidi aliendelea kuchambua. Yale maneno yalimwingia, kwa sababu yeye mwenyewe utotoni aliwahi kuamini kwamba yeye ni bibi, na hata leo kuna siku hana uhakika.

"Bibi alijifia kitandani mwake," alisema. "Hakuna aliyemchinja ili mimi nipate jina."

Mbodze alikubali kwa kichwa. Hakujitetea. Alisema tu kwamba ndege sitini wameruka kilomita elfu saba kwa mabawa yao wenyewe, wamepita jangwa na bahari, na hawajui ufuko mwingine wowote duniani ila huu. Kama fomu ya kesho itaandikwa kwamba hawakurudi, matingatinga yatakuja kabla ya Krismasi, na mwakani wataruka tena mpaka hapa na kukuta saruji. Hawatakwenda pengine, kwa sababu H47 hakujua pengine.

"Na kama nikiandika wamerudi?"

"Mabwawa yanabaki miaka kumi. Mama Kadii na wakwanguaji chumvi wenzake wanabaki na kazi."

"Na C91? M16? B50?" Hao watatu walikuwa wazee wa kweli, waliofika wenyewe kwa njia waliyojifunza wenyewe.

Mbodze aliweka mchicha chini, na Sidi akajua jibu kabla hajalisikia. Orodha ya ndege watakaonaswa Aprili, wakisharudi kaskazini, ingetolewa kwenye fomu za msimu huu. Kila mzee atakayeandikwa amerudi angeingia kwenye orodha hiyo. Walikuwa wamebaki wachache sana, duniani kote, na Kituo kiliwahitaji wote.

Usiku ule Sidi hakulala vizuri. Alijaribu kulipanga jambo lenyewe kama alivyopanga safu za daftari lake, huku kweli, kule uongo, na kila alipoliweka upande mmoja lilihamia wa pili. Mpaka alfajiri alikuwa bado hajui. Alijua tu kwamba saa za kupwa zingeanza saa moja na nusu, na kwamba mtu wa kusoma pete inabidi awe tutani kabla ya hapo.

*

Mbodze alimfuata bila kualikwa. Walitembea juu ya tuta, wakapishana na wanawake wenye makoleo na ndoo. Mama Kadii, msimamizi wao, alisalimu, akasita, na mara hii akauliza. Sidi akamwambia atajua leo.

Alisimamisha darubini akafungua fomu. Alianza na pampu. K03, akaandika, amerudi. F12, amerudi. R88. T30. T31. Kila alipoandika neno lile alihisi kama anaandika kwa mkono wa mtu mwingine. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika pete aliyoitilia shaka hata moja, na sasa aliandika sitini mfululizo, akijua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga matope haya kabla ya mwezi huu. Alipofika wa arobaini alisimama kidogo. Kisha akaendelea mpaka mwisho, kwa sababu hakuona ni kwa haki gani angewaacha ishirini.

Mkono ulimuuma. Alimwomba Mbodze ashike darubini, amalizie upande wa mkokoni, naye atakuwa anaandika.

Mbodze aliinama akapitisha kioo polepole juu ya matope, mbali na zogo la pampu. Alipita jozi ya ndege wadogo, akapita korongo, akasimama. Sidi aliufuata uelekeo wa darubini kwa macho matupu. Kule mwisho kabisa, karibu na maji, sululu mmoja mzee alikuwa anatembea peke yake. Alitoa kaa kwenye tope, akamkung'uta mara mbili, akammeza pale pale bila kumkosha.

Jua lilikuwa nyuma yao na hewa ilikuwa safi. Hata mwanafunzi angeisoma pete ile.

Sidi aliweka kalamu kwenye karatasi akangoja. Alimwona mdogo wake anaongeza ukali wa kioo, midomo yake inatembea kidogo, kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Herufi moja. Namba mbili.

Mbodze hakuinua uso.

"Huyu ana matope mguuni," alisema. "Pete haisomeki."

Kwenye fomu kulikuwa na safu ya mwisho ya ndege wa namna hiyo, safu ambayo haihesabiwi wala haiingii kwenye orodha yoyote. Sidi aliandika: sululu mmoja, pete haikusomeka. Kisha akamwambia Mbodze atafute wale wazee wengine wawili, na Mbodze, macho yakiwa bado kwenye kioo, akaanza kuwatafuta.